Orodha, picha, skrini au ramani: njia za mwananchi kuchangia sayansi, na jinsi ya kuchagua

Asiye na shahada wala maabara leo ana milango mingi ya kuingilia katika sayansi. Hapa tunalinganisha minne iliyokwisha kufanya kazi ya maana Afrika Mashariki: orodha za ndege (Kenya Bird Map na eBird), picha za viumbe (iNaturalist), kuainisha picha za kamera (Zooniverse, hasa mradi wa Snapshot Serengeti) na uchoraji wa ramani (OpenStreetMap, kama Ramani Huria walivyofanya Dar es Salaam). Yote ni bure, na mingi inawezekana kwa simu ya kawaida. Wengi huchagua kwa kuangalia programu ipi inapendeza. Sisi tunashauri uanze na swali jingine: rekodi yako itamwambia msomaji ulichokitafuta ukakikosa, au itamwambia ulichokiona tu?

Swali hilo si geni. Mwaka 1715 mwanaastronomia Edmond Halley alichapisha ramani ya njia ambayo kivuli cha kupatwa kwa jua kingepita juu ya Uingereza, siku kadhaa kabla ya tukio lenyewe, akaomba watu wapime kwa saa giza kamili litadumu muda gani pale walipo. Majibu ya waliokuwa katikati yalimfaa. Majibu ya waliokuwa pembeni, ambao kwao giza lilikosa kidogo tu kukamilika, yalimfaa vilevile, kwa kuwa ndiyo yaliyomwonyesha kivuli kiliishia wapi. Juni 1835 mwanasayansi Mwingereza William Whewell aliratibu upimaji wa maji kujaa na kupwa katika vituo zaidi ya 650 vya mataifa 9, kila baada ya dakika 15 kwa wiki mbili. Wapimaji wengi walikuwa walinzi wa pwani na watu wa bandarini. Siku ya Krismasi ya mwaka 1900 mtaalamu wa ndege Frank Chapman aliwaalika wenzake wa Marekani na Kanada wahesabu ndege badala ya kwenda kuwawinda. Walijitokeza watu 27 katika maeneo 25, na hesabu hiyo bado hufanyika kila mwaka. Kinachoifanya itumike na wanasayansi baada ya karne nzima ni safu moja isiyovutia macho: saa ambazo kila kundi lilitumia. Aina 40 zilizoonekana kwa saa 2 na aina 40 zilizoonekana kwa saa 10 ni habari mbili tofauti kabisa.

Kwa haraka:

| Njia | Muda wa chini | Vifaa | Anayekagua | Kukosa kunaandikwa? |
|---|---|---|---|---|
| Kenya Bird Map | saa 2 | darubini, simu au karatasi | wakaguzi wa mradi | ndiyo |
| eBird | dakika chache | darubini, simu | kichujio cha kompyuta cha eneo, kisha mkaguzi | ndiyo, orodha ikiwa kamili |
| iNaturalist | dakika 2 | simu yenye kamera | watumiaji wengine | hapana |
| Zooniverse | nusu dakika kwa picha | kompyuta au simu, intaneti | wingi wa majibu | ndiyo |
| OpenStreetMap | saa 1 hivi | kompyuta, na simu ukienda mtaani | wachoraji wengine | mara chache |

Orodha za ndege

Kenya Bird Map ilianza mwaka 2013 ikifuata utaratibu uliokwisha kujaribiwa Afrika Kusini tangu 2007. Nchi imegawanywa katika miraba ya dakika 5 za latitudo kwa dakika 5 za longitudo. Karibu na ikweta kila upande wa mraba ni kilomita 9 na kidogo. Mraba mmoja huitwa pentadi, na pentadi ndiyo kitengo cha kazi.

Kadi kamili, yaani orodha moja ya ndege wa pentadi moja, ina masharti machache lakini hayana mzaha. Tumia angalau saa 2 za kutafuta kwa bidii ndani ya pentadi moja, ukipita kila aina ya mazingira iliyomo: shamba, kichaka, bwawa, mji. Andika kila aina kwa mpangilio ulivyoiona au kuisikia kwa mara ya kwanza, na uweke alama kila saa inapokwisha. Ukishamaliza saa 2 unaweza kuendelea kuongeza aina mpya hadi siku 5. Baada ya hapo kadi inafungwa na unaanza nyingine. Hakuna kuhesabu ndege wangapi. Kunguru mmoja na kunguru mia huandikwa sawasawa.

Wageni hulalamika kwamba kutohesabu ni upungufu. Sivyo, maana hesabu inatoka kwenye wingi wa kadi. Pentadi ikiwa na kadi 10 na hondohondo ametajwa katika 4, kiwango chake ni asilimia 40. Kikishuka hadi asilimia 10 baada ya miaka kadhaa ya kadi zilizoandikwa kwa utaratibu uleule, kuna jambo la kuchunguza. Mpangilio wa kuonekana nao unasaidia: ndege anayeandikwa katika dakika kumi za kwanza kwenye kadi nyingi ni wa kawaida, anayeingia saa ya pili ni adimu au hupenda kujificha.

Kinachoharibu kadi hizi tunakijua. La kwanza ni kukaa bustanini saa 2 nzima na kuiita pentadi. La pili ni kuvuka mpaka bila kujua, hasa ukiwa garini. Programu ya BirdLasser hutumia GPS na kukuwekea kila ndege kwenye pentadi yake hata bila mtandao, kwa hiyo washa GPS kabla ya kuondoka na ubebe chaji ya akiba. La tatu, na ndilo baya zaidi, ni kuruka ndege wa kila siku kwa sababu "kila mtu anawajua". Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka, akasambaa pwani nzima. Anayetaka kujua leo amefika wapi bara anahitaji kadi zinazomtaja, na anahitaji zaidi kadi za watu makini ambazo hazimtaji.

Kama huna saa 2, bado unaweza kutuma orodha ya kupita. Itasaidia kuonyesha ndege alikuwepo wapi, ila haitaingia katika kukokotoa asilimia.

eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na shirika la Audubon, inaomba kitu tofauti: muda, umbali na idadi. Ukisimama mahali pamoja (usizidi mita 30 kutoka ulipoanzia) ni orodha ya kusimama. Ukitembea ni orodha ya safari, na ni vizuri isizidi kilomita 8. Ukienda na kurudi kwa njia ileile, andika umbali wa kwenda tu. Usipoweza kuhesabu, herufi X inakubaliwa, ingawa makadirio ya 30 yana faida kuliko X.

Swali la mwisho kabla ya kutuma ndilo lenye uzito wote: je, umeandika ndege wote ulioweza kuwatambua? Jibu "ndiyo" hugeuza kila aina isiyokuwemo kuwa rekodi ya kukosekana. Ukiwa uliandika wale wa kuvutia tu ukabonyeza "ndiyo", umewaambia watafiti kwamba njiwa na shomoro hawakuwepo. Hakuna mkaguzi anayeweza kuligundua hilo kwa urahisi, kwa sababu vichujio vimewekwa kuwashtua wakaguzi kwa idadi kubwa mno au ndege asiyetarajiwa, si kwa njiwa aliyekosekana.

Kati ya hizi mbili: kama uko Kenya na una nusu siku kwa mwezi, chagua pentadi ya nyumbani na uirudie. Afrika Kusini walijiwekea lengo la msingi la kadi 4 kwa kila pentadi, na ukiwa peke yako unaweza kulifikia ndani ya mwaka mmoja pasipo kuchoka. Kama unachoweza ni robo saa kila asubuhi ukiwa palepale, eBird inakufaa zaidi, na inafanya kazi nchi yoyote. Zote mbili zina kikwazo kimoja ambacho hakuna programu itakiondoa: lazima uwajue ndege, na nusu yao utawasikia kabla ya kuwaona. Nairobi kuna matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi yaliyoasisiwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, na huko anayeanza hujifunza kwa kusimama karibu na anayejua. Kwa kweli hatujaona njia bora ya kujifunza.

Picha: iNaturalist

Hapa hutakiwi kujua chochote. Unapiga picha ya mdudu, mmea, uyoga au kombe la pwani, na watu wengine wanakusaidia kulipata jina. Mradi ulianza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili pale Berkeley, California, na tangu 2023 ni shirika linalojitegemea. Ndiyo njia rahisi kuliko zote kuanza, na ndiyo inayokosewa zaidi.

Rekodi hupanda daraja la utafiti ikiwa ina picha au sauti, tarehe, mahali, kiumbe hakufugwa wala hakupandwa, na zaidi ya theluthi mbili ya waliotaja jina wanakubaliana hadi kiwango cha spishi, wakiwa angalau watu wawili. Ikiwa pia leseni yake inaruhusu, inaingia GBIF, hifadhi ya kimataifa ambamo watafiti huchukua data. Leseni ya kawaida ya iNaturalist inaruhusu. Ukibadilisha iwe "haki zote zimehifadhiwa", kazi yako inaishia pale.

Ubora wa picha unaamua yote. Mmea mmoja unahitaji picha nne: mmea mzima, jani upande wa juu, jani upande wa chini, na ua au tunda. Wengi hupiga ua tu, na mtaalamu anabaki kuangalia ua zuri lisilo na jina. Mdudu mpige kutoka juu, kutoka ubavuni na usoni, kitu cha vipimo kama sarafu kikiwa kando. Weka picha zote za kiumbe mmoja katika rekodi moja. Ukizitenganisha unatengeneza viumbe wanne.

Sasa makosa ya mahali petu. Picha iliyopita WhatsApp hupoteza mahali na tarehe iliyopigwa. Klabu ya shule ambayo wanafunzi wanamtumia mwalimu picha naye anazipandisha jioni itajaza ramani viumbe vya uani kwa mwalimu, vyote vya siku moja. Suluhisho: kila kikundi kipandishe picha chenyewe, au kihamishe picha kwa waya kutoka simu hadi kompyuta. Kosa la pili ni mimea ya vyungu, miembe ya bustani na kuku. Si kosa kuipiga, lakini iwekewe alama ya kupandwa au kufugwa, la sivyo ramani ya usambazaji inadanganya.

La tatu linahitaji maelezo zaidi. Programu hupendekeza jina kwa kompyuta iliyofunzwa kwa picha zilizopo, na picha nyingi zimetoka Marekani na Ulaya. Kwa tembo au mbuyu huna wasiwasi. Kwa nondo wa Usambara au panzi wa Kakamega inaweza kukupa jina la binamu yake wa mbali kwa kujiamini kabisa. Mtu wa pili akikubali kwa adabu tu, rekodi imekwisha kuwa ya daraja la utafiti ikiwa na jina lisilo lake. Kanuni tunayoifuata: ukipendekezewa spishi ambayo haijarekodiwa karibu, panda ngazi, andika jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) au familia tu. Na usikubali jina ambalo huwezi kueleza umelitambuaje.

Kuhusu usalama: spishi zilizo hatarini hufichwa mahali pake moja kwa moja, rekodi ikionyeshwa popote ndani ya mraba wa nyuzi 0.2, yaani takriban kilomita 22 kwa 22. Mahali pa kiota au mmea wa thamani ambao mfumo haujui kuuficha, uufiche mwenyewe. Uwanja wa nyumba yako pia.

Je, kukosa kunaandikwa? Hapana, na hapo ndipo iNaturalist inapoachana na orodha. Rekodi 300 za vipepeo kutoka bustani moja na sifuri kutoka kijiji cha jirani hazisemi kijiji hakina vipepeo. Zinasema mwenye simu anakaa wapi. Kwa kugundua spishi ngeni, mdudu mharibifu aliyeingia jana, au kiumbe ambaye hakuna aliyetarajia, hakuna kinachoishinda. Kwa swali la "wanapungua?" ni njia dhaifu.

Skrini: Zooniverse

Zooniverse ilizaliwa mwaka 2009 kutokana na Galaxy Zoo ya 2007, ambapo umma ulipewa picha za galaksi karibu milioni moja uziainishe kwa umbo. Mwalimu wa shule wa Uholanzi, Hanny van Arkel, aliuliza kuhusu doa la ajabu kwenye mojawapo, na likawa kitu ambacho wanaastronomia hawakuwa wamekiona kabla.

Kwetu mfano ni Snapshot Serengeti. Kamera 225 zilitegeshwa katika gridi ya kilomita za mraba 1,125, moja kwa kila kilomita 5 za mraba, zikijipiga zenyewe kitu kinapopita. Kati ya seti milioni 1.2 za picha zilizochapishwa kwanza, 322,653 tu zilikuwa na mnyama. Nyingine ni majani yanayoyumba na joto la mchana. Ujue hilo kabla ya kuanza: karibu picha tatu kati ya nne utabonyeza "hakuna kitu", na kubonyeza huko ndiyo kazi yenyewe. Gridi imeshapangwa na wanasayansi, kwa hiyo kukosekana kwa simba kwenye kamera fulani ni data halali. Wewe unasoma tu.

Picha haimwamini mtu mmoja. Iliondolewa kwenye mzunguko baada ya watu 5 wa kwanza mfululizo kusema ni tupu, au 10 kwa jumla, au 10 kutaja mnyama yuleyule, au baada ya kufikisha majibu 25. Majibu yaliyojumlishwa yalipolinganishwa na ya wataalamu, spishi zilikubaliana kwa asilimia 96.6 na idadi kwa asilimia 90. Makosa hukusanyika kwa wanyama adimu, na sababu ni ya kibinadamu: kila mtu anatamani kuwa ndiye aliyemwona. Anayejua kutofautisha kongoni na nyamera, au swala tomi na swala granti, ana faida hapa hata akiwa anaishi Minneapolis au Muscat.

Udhaifu wake: unahitaji intaneti muda wote, maelekezo mengi ni ya Kiingereza, na miradi husimama picha zikiisha. Pia mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba kompyuta iliyofunzwa kwa majibu ya watu hawa hawa inaweza kufanya zaidi ya asilimia 99 ya kazi ya Serengeti kwa usahihi uleule. Ukitaka mchango wako uwe mgumu kuchukuliwa na mashine, tafuta miradi ya kunakili maandishi ya mkono, kama vitabu vya kumbukumbu za hali ya hewa vya meli za zamani.

Ramani: OpenStreetMap

OpenStreetMap, ramani huru ya dunia inayochorwa na umma, ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, ikafika Kibera mwaka 2009 na Dar es Salaam kwa upana mwaka 2015 kupitia Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walichora pamoja na wakazi wa mitaa inayofurika, Tandale ikiwemo. Kazi ina awamu mbili. Kwanza unafuatisha majengo na njia kutoka picha ya angani. Kisha unakwenda mtaani kuongeza kile ambacho angani hakionekani: vyoo, visima, na kwa mafuriko, mifereji, kila mmoja na upana, kina, umejengwa kwa kitu gani, na umeziba au la.

Kagua mambo haya kabla ya kuhifadhi. Picha ya angani huwa imesogea mita kadhaa. Ilinganishe na njia za GPS zilizokwisha pandishwa. Paa moja la bati mtaani linaweza kuwa nyumba tatu, ulizia. Pembe za majengo zinyooshe kwa kitufe cha Q. Sehemu ya jina ni ya jina, usiandike "njia ya kwenda sokoni". Na usinakili chochote kutoka Google Maps, hata jina la mtaa. Leseni hairuhusu na kazi yako itafutwa.

Ramani tupu haisemi kitu: mtaa usio na choo kwenye ramani huenda hauna choo, huenda hakuna aliyepita. Ramani Huria walilipunguza tatizo kwa kumaliza mtaa mzima mmoja baada ya mwingine, wakitembea na watu wanaojua hata mpaka wa shina (kundi dogo la nyumba ndani ya mtaa) unapita wapi. Ukichora kidogo hapa kidogo pale, utaongeza mistari bila kuongeza uhakika.

Nani achague nini

Klabu ya shule yenye simu mbili tatu: iNaturalist kwenye kiwanja kimoja, ila ongeza daftari. Kila Ijumaa, dakika 30, njia ileile, andikeni pia wiki ambazo hamkupata kitu. Daftari hilo ndilo litakalofanya picha zenu zijibu swali. Akaunti ni za wenye miaka 13 na kuendelea; wadogo watumie programu ya Seek, isiyohitaji akaunti, au simu ya mwalimu.

Mtu mmoja mvumilivu anayependa kutembea: kadi za pentadi, au eBird akiwa nje ya Kenya. Asiyeweza kutoka nyumbani, au aliye ughaibuni: Zooniverse, na kufuatisha majengo kwenye OpenStreetMap. Kamati ya mtaa yenye tatizo la maji machafu: ramani, bila kusita, ila mwamue mapema nani atarudi kupima mifereji baada ya masika, kwa sababu mfereji uliopimwa mara moja tu miaka mitano iliyopita unaweza kumpotosha mhandisi kuliko ramani isiyo na mfereji.

Usijiunge na zote nne. Chukua moja na uipe miezi mitatu. Kabla ya hapo fungua ramani ya mradi wenyewe uangalie eneo lako lina rekodi ngapi. Likiwa limejaa, sogea kilomita kumi.